Siku Ambayo Mama Mvue Hakusema "Mvue"

Nianze kwa kusema wazi: huyu mama nilimchukia. Msiniletee habari za wito na malaika wa nguo nyeupe. Mimi Tumpale nauza vitenge Tunduma, karibu kabisa na mpaka. Nimefokewa na askari, na madereva wa malori, na Wazambia wenye haraka zao, na wote nikawafokea wakanyamaza. Lakini nesi Nesta wa zahanati ya kwetu milimani alinifanya nisimame mbele ya meza yake na mikono nyuma, mtu mzima na matiti yangu, kama mtoto wa darasa la pili aliyesahau daftari. Hilo mpaka leo halijanitoka.

Kwetu ni Ileje, upande wa Mbebe. Zahanati yetu ina vyumba vitatu na benchi refu barazani, na kila anayeketi kwenye benchi lile anasikia yanayosemwa ndani, maana mlango hauna kitasa na haufungiki. Nesta ni jina lake la kazini. Jina lake jingine, lile tunalomwita akiwa hayupo, ni Mama Mvue. Kule juu kuna baridi, na mwanamke wa kwetu akitoka na mtoto mgonjwa humfunga haswa: fulana, sweta, kofia ya sufu, blanketi, kitenge, na blanketi jingine juu ya kitenge. Unaingia ndani, shikamoo yako haijaisha mdomoni, unasikia, "Mvue!"

Si karibu. Si mtoto ana nini. "Mvue!" Basi mtoto anavuliwa mpaka kifua kinabaki wazi, anapiga mayowe kwa baridi, na yeye Nesta anasubiri tu, hana habari, mpaka mayowe yaishe. Kisha anaishika ile saa yake anayoibana na pini kwenye gauni, anakitazama kile kifua, na anahesabu pumzi. Dakika nzima! Ole wako ukohoe. Mzee mmoja alipokea simu humo ndani siku moja, akatolewa yeye na simu yake mpaka kwenye mvua.

Alikuja kwetu akiwa binti, ametokea Hasamba kule Mbozi, kwao ni wakulima wa kahawa. Wenzake aliokuja nao wakahamishwa, wengine wakajihamisha wenyewe. Yeye mwaka wa ishirini na mbili huu yuko pale pale, chumba kimoja nyuma ya zahanati, kuku wanne na redio. Mhudumu wa usafi alipoacha kazi hakuletwa mwingine, kwa hiyo hata kufagia anafagia mwenyewe. Mume hana. Watu wa kwetu, kwa midomo yao, wanasema mume aliwahi kuwepo, akaambiwa "vua viatu" kwa sauti ile ile, akakimbia mpaka Malawi. Neno hilo nililirudia mimi mwenyewe kwenye harusi ya binamu yangu, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa, kama kuna kitu kinampandisha Nesta mori kuliko vyote, ni mama aliyempa mtoto dawa ya dukani kabla ya kumpima. Alimfanyia Violet, jirani yetu, mbele ya benchi zima. "Wewe ni daktari? Umesomea wapi? Haya, njoo uketi kwenye kiti changu, mimi niende nikalime!" Violet alitoka analia, na mkononi ameshika dawa sahihi aliyopewa na Nesta huyo huyo. Benchi zima tuliona, na benchi zima tulijifunza. Na tulichojifunza, kama mnataka kujua, ni kudanganya.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, nilimpandisha mwanangu Lwitiko kwa mama yangu akaachishwe ziwa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Ndivyo tunavyofanya kwetu: mtoto anapelekwa kwa bibi, mama anajipaka shubiri kwenye matiti, mtoto anaonja, anakunja uso, analia siku mbili tatu, bibi anambeba na kumpa uji wa ulezi, siku ya nne amesahau. Mama yangu, Gwantwa, ameachisha wajukuu saba kwa namna hiyo na hajawahi kushindwa na hata mmoja.

Kuna jambo hapa ambalo nilikuja kulificha, kwa hiyo nyinyi nawaambia mapema. Siku kumi kabla ya safari, Lwitiko alishikwa na homa kule Tunduma. Sikumpeleka kupima. Ilikuwa Jumamosi, biashara imechanganya, wateja Wazambia wananiita "bamayo, bamayo", yaani mama, kila upande, na mume wangu Damiano alikuwa safarini na lori. Nikavuka upande wa Zambia, nikaingia duka la dawa, nikanunua dawa mseto ya malaria ya mtoto, nikampa vidonge vyote sita, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Homa ikashuka. Nikajiona mjanja kweli kweli. Pakiti ilipokwisha niliitia kwenye mfuko wa nailoni ninamoweka kadi yake ya kliniki, nikaisahau humo.

Jumatatu tukafika kwa mama. Jumanne mtoto akachemka.

"Hiyo ni homa ya kuachishwa ziwa," mama akasema. "Hata wewe ulikuwa hivyo hivyo. Tena ametoka kwenye joto kaja kwenye baridi, ni hali ya hewa."

Jumatano, homa haijashuka, nikambeba kwenda zahanati. Mvua inanyesha, ni siku ya chanjo, benchi limejaa hadi wengine wamechuchumaa. Nikachomoa kadi kwenye ule mfuko wa nailoni, nikasubiri muda mrefu sana. Nilipoingia nilikuwa nimelowa, nina njaa, na matiti yananiuma kwa maziwa yaliyojaa.

Nesta akamchoma Lwitiko kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo cheupe, akakiweka mezani tusubiri. Akanikazia macho.

"Amepewa dawa yoyote kabla ya kuja hapa?"

"Hapana."

"Una uhakika? Maana ninyi wa Tunduma maduka ya dawa mnayo mengi kuliko ya chumvi."

Nje, benchi likacheka. Nikasikia masikio yanawaka moto. "Nimesema hapana, nesi. Pima mtoto. Mimi si mtuhumiwa."

"Anakohoa?"

"Kidogo tu. Vumbi la njiani."

Vumbi, na mvua yote ile! Hata mimi nashangaa nililitoa wapi. Lakini yeye alikuwa amekwisha kukasirika, na mtu akikasirika hasikii. Nilimwona anavuta pumzi, mkono unaiendea ile saa kifuani, nikajua sasa linakuja lile neno. Kipimo kilikuwa kimeonyesha mistari miwili, tena myekundu, kila mtu angeiona. Nikamuwahi.

"Si malaria hiyo inaonekana? Au na malaria siku hizi mpaka avuliwe? Hapa ni zahanati au mnada wa mitumba?"

Benchi likalipuka. Safari hii walikuwa wanamcheka yeye, na hakuna aliyewahi kumcheka mbele ya macho yake. Uso ukambadilika. Akauacha mkono ukashuka kutoka kwenye saa, akaandika, akanisukumia dawa mseto na dawa ya kushusha homa.

"Chukua dawa zako uende. Mwingine!"

Hakusema mvue. Miaka ishirini na miwili, na mtoto ambaye hakumvua ni wangu. Nikatoka pale nimeinua kichwa. Wanawake wananipisha, mmoja ananifinya mkono, "Umemweza!" Nilipanda mlima kwa mama yangu na mtoto mgongoni, ndani ya mablanketi yake mawili, nimeshinda.

Alhamisi asubuhi Lwitiko hakulia ziwa.

Nawaambia hivi nikiwa na hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Jumatatu alilia, Jumanne alilia, Jumatano alilia akinivuta blauzi. Alhamisi kimya. Mama yangu akapiga makofi kidogo, akamshukuru Mungu. "Mtoto mwema huyu! Ameacha bila kelele." Nikampigia simu Damiano nikamwambia mwanao mwanaume, ameacha ziwa kwa siku tatu. Damiano akacheka kwa furaha. Uji alipoukataa tukasema amenuna. Alipolala mchana kutwa tukasema dawa zinamtuliza. Nikamfunika vizuri, nikakaa nje na mama yangu tunachambua maharage tukipiga soga. Mwanangu alikuwa hana nguvu za kunyonya, na sisi tunamsifu!

Ijumaa asubuhi, tunakoka moto, tukasikia mtu anapanda kwenye kijia. Nikachungulia. Alikuwa Nesta. Buti za mvua, tope mpaka magotini, mwavuli umevunjika mbavu mbili, begi la dawa begani. Kutoka zahanati mpaka kwa mama ni mwendo wa saa mbili kwa mguu, tena wa kupanda. Hakupiga hodi. Aliingia jikoni akanitolea kitu mfukoni mwa koti, akakiweka mbele ya pua yangu. Ilikuwa pakiti tupu ya dawa mseto, yenye kibandiko cha bei kwa kwacha.

"Hii nimeikuta jana jioni nikifagia chini ya benchi. Kwenye benchi lile Jumatano aliyetoka mpakani alikuwa mmoja tu. Lini ulimpa?"

Niliinama nikasukuma kuni motoni.

"Tumpale! Lini?"

"Wiki mbili hizi. Kasoro."

"Zote?"

"Zote sita."

Akafumba macho. Nilidhani atanipiga. "Kipimo kile," akasema, na sauti inapanda, "kinaweza kuonyesha mistari miwili hata mwezi mzima baada ya mtoto kupona malaria! Alama za malaria iliyokwisha zinabaki kwenye damu! Mimi nimeona mistari miwili, nikajua nimepata, nikaacha kutafuta. Sasa hii homa mpya ni ya nini? Yuko wapi mtoto?"

"Amelala, nesi," mama akasema. "Anaendelea vizuri."

"Mvue!"

Nilimvua. Nikaivuta kofia. Blanketi, kitenge, blanketi, sweta, fulana. Lwitiko hakulia kwa baridi. Nesta akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akaishika saa yake, na mama yangu ambaye hanyamazi hata kanisani akanyamaza. Nami nilitazama. Ilikuwa mara ya kwanza nakitazama kifua cha mwanangu tangu tufike. Kila akivuta hewa, ile sehemu chini ya mbavu ilikuwa inabonyea ndani, inabonyea ndani, na matundu ya pua yanatanuka.

"Hamsini na nane," Nesta akasema. "Kwa umri wake ikifika arobaini tu ni hatari. Hii ni nimonia, tena kali. Ananyonya?"

"Ameacha ziwa," mama akajibu haraka, na kwa fahari bado, maskini. "Tangu jana. Wala hakusumbua."

Nesta akamgeukia mama yangu taratibu. Kisha akanigeukia mimi. "Mpe ziwa."

"Nesi, anaachishwa. Nimejipaka shubiri."

"Ioshe. Mpe ziwa!"

Nikaosha kwa maji ya kwenye sufuria. Nikakaa kwenye kigoda, nikamtia mwanangu chuchu mdomoni, na maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe kwa jinsi yalivyojaa. Yalimtiririka shavuni. Mdomo wake haukufunga. Siku tatu mtoto huyu alilipigania ziwa hili, sasa liko mdomoni na hanyonyi. Nikamwita. Nikamtikisa. Akafungua macho, akayafumba. Mama yangu akaanza kulia kwa sauti, anasema, "Nimemsifu! Mimi nilikuwa namsifu!"

"Utalia baadaye, mama," Nesta akamwambia, naye anavunja chupa ya dawa ya sindano. "Sasa hivi nenda kamwite mwenye pikipiki. Kimbia."

Akamchoma sindano mbili pajani. Lwitiko alitoa sauti ndogo, na mimi nikaishukuru ile sauti. Pikipiki ilikuwa ya Joshua, kijana wa kanisani kwetu, na mpaka hospitali ya Itumba ni mbali na barabara ilikuwa uji mtupu. Nesta alikaa nyuma yangu, mkono mmoja kaniviringisha kiunoni, mwingine ameuingiza ndani ya blanketi, kiganja juu ya kifua cha mtoto. Kila mara ananifokea sikioni, "Usimbane! Mwache avute hewa!" Mara tatu tulishuka tukasukuma. Mara ya tatu niliteleza, nikapiga magoti kwenye tope na mtoto mikononi, na nikamtukana. Ndiyo, yeye. Nikamwambia kama angemvua Jumatano tusingekuwa hapa. Naye akanijibu kwa ukali ule ule, "Na wewe ungesema kweli Jumatano tusingekuwa hapa! Inuka!"

Hospitali wakampokea, wakamwekea mpira wa oksijeni puani na dawa ya mshipa. Wakatuambia tusubiri, hawakutuahidi kitu. Tukakaa kwenye korido, wanawake wawili wenye tope, hatutazamani.

"Kwa nini ulinidanganya?" akaniuliza baada ya muda.

"Kwa sababu ungenifokea."

"Ningekufokea, ndiyo!"

"Haya, si ndiyo hiyo!" Nikasimama. Sauti yangu ilijaa korido nzima. "Si ndiyo hiyo nesi! Ulimfokea Violet mpaka akalia mbele za watu! Nani atakuambia ukweli? Wote tunakudanganya! Benchi zima! Unauliza amepewa dawa, tunasema hapana, na dawa ziko kwenye mikoba. Wewe unafikiri umetufundisha? Umetufundisha kuficha!"

Muuguzi mmoja akachungulia mlangoni, akarudi ndani. Nilingoja Nesta anirukie. Hakunirukia. Alikaa vile vile na mikono mapajani.

"Wote?" akauliza.

"Wote."

Halafu akaanza kunisimulia kitu ambacho sikumuuliza. Walikuwa wanaishi Hasamba, yeye ana miaka kumi na moja, na mdogo wake Enoka ana miwili. Enoka akapata homa na kifua. Mama yao akamfunga vizuri asipigwe na baridi, akambeba mgongoni kwenda kwenye matibabu, na Nesta anatembea nyuma akiwa na chupa ya uji. Njiani wakakutana na watu wakasalimiana, wakasimama wakazungumza, mama anamtikisa mtoto mgongoni kama mama yeyote. "Tulipofika wakasema mfunue tumwone. Tukafunua kitambaa kimoja, tukafunua kingine. Alikuwa amekwisha kupoa. Tulimbeba hivyo sijui tangu wapi." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Basi tangu nianze kazi hii nikiona mtoto amefungwa, kichwa kinaniwaka. Siwezi kuongea vizuri. Najua mnaniita Mama Mvue. Nalipenda hilo jina, msidhani nalichukia."

Nilitaka kumhurumia lakini hasira haikuniruhusu. Nikamwambia, "Na Jumatano hukusema mvue."

"Ulifanya watu wanicheke. Nikasema huyu mjuaji, mwache aende." Alilisema hilo akitazama sakafu. "Nilimkomoa mtoto kwa kosa la mama yake."

Siku ya pili Lwitiko aligeuza kichwa akanitafuta kifua. Nikamnyonyesha mbele ya wodi nzima huku nalia, na wala sikumwachisha tena mpaka alipoacha mwenyewe. Siku ya sita tukaruhusiwa. Nesta alikuwa amerudi kazini tangu Jumamosi, lakini kabla ya kuondoka aliichukua kadi ya kliniki ya mwanangu, akatafuta ile Jumatano, na pembeni ya maandishi yake mwenyewe akaongeza kwa kalamu nyekundu: Sikumvua. Akaweka sahihi. Kadi hiyo ninayo.

Mngetaka niishie hapo. Hata mimi ningetaka.

Mwezi uliofuata nilikwenda tena kumwona mama, Nesta akaja. Alikuja na daftari la zahanati chini ya koti. Akakaa kwenye kigoda kile kile, akalifungua mapajani. Alikuwa amelipitia lote, miaka mitano nyuma, jioni baada ya jioni. Ametafuta watoto waliopimwa wakakutwa na mistari miwili, wakapewa dawa ya malaria, wakaenda nyumbani, wakafa. Walikuwa watatu. Akanisomea majina yao na ya mama zao. Wawili nawajua, mmoja nilisoma naye.

"Hawa niliwavua," akasema. "Lakini walikuja mapema, siku ya kwanza ya homa, pumzi zilikuwa bado kwenye arobaini kasoro. Nikaona mistari miwili nikasema ni malaria, wala sikuwaita warudi kesho niwahesabu tena. Mama zao niliwauliza kama walitoa dawa kabla. Nimeandika hapa: hapana, hapana, hapana." Akanitazama. "Wewe unawajua wanawake wa hapa. Niambie. Na hawa waliniogopa?"

Mama yangu akainuka akaenda nje. Mimi nilifungua mdomo. Mimi, mtu wa maneno, nimelipwa kwa mdomo wangu maisha yangu yote, nikakosa la kumwambia. Ningesema hapana ningekuwa namdanganya tena. Akalifunga daftari, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akateremka mlima.

Nilibaki na hasira wiki nzima. Kwake, kwa ukali wake wa kijinga. Kwangu, kwa ulimi wangu. Kwa wale wa benchi waliocheka, na yule aliyenifinya mkono akaniambia nimemweza. Nimeweza nini?

Mwaka jana, mwezi wa nane, tukiwa kwa mama tena, Lwitiko akapata homa. Na mimi, mjinga asiyejifunza, nilikuwa nimeshampa dawa ya antibayotiki ya maji niliyoibeba kutoka Tunduma. Mara tatu, bila kupima. Nikaichukua ile chupa, na ile ya kushusha homa, nikateremka nazo mkononi, wazi, watu wanaziona. Benchi lilijaa kama kawaida. Zamu yangu ilipofika nikaingia, nikazipanga mezani kwake moja baada ya nyingine.

"Nesi, hizi nimempa. Hii ya antibayotiki sikupaswa kumpa. Nimempa mara tatu, ya mwisho leo asubuhi. Sikumpima."

Nilisema kwa nguvu ili nje wasikie. Nje wakanyamaza, hata watoto. Nesta akaitazama ile chupa. Mishipa ya shingo ikamtoka. Akavuta pumzi ile ninayoijua, nikajiandaa, miguu nimeikaza kabisa.

Akaishusha ile pumzi polepole. Akashika kalamu, akaibana kwa hasira, naiona kabisa ni hasira, akaandika jina la dawa na idadi.

"Asante kwa kuniambia," akasema. Lilimtoka kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino.

Nyuma yangu nikasikia zipu ya mkoba. Nikageuka. Mlango hauna kitasa, benchi lote naliona. Violet alikuwa ameingiza mkono kifuani, akatoa karatasi ya vidonge, akaiweka juu ya paja. Binti aliyekaa pembeni yake akamtazama, kisha akafungua fundo la kanga akatoa chupa. Halafu wa tatu. Halafu yule mzee wa simu, aliyemleta mjukuu. Dawa zilikuwa zinatoka kwenye mikoba na vifuani na kwenye kofia za watoto, wanaziweka mapajani bila kusema neno, mpaka mwisho wa benchi kabisa.

Nesta alisimama ili azione. Niliona midomo yake inahesabu kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho, kisha inahesabu tena. Alipomaliza aliegemea meza. Nilijua daftari gani lilikuwa kichwani mwake, na ni majina gani matatu.

"Mvue," akaniambia. Alisema taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikamvua mwanangu, naye akaishika saa.